Turkana na watoto: Kiu isitangulie maji

Ziwa Turkana, katika jangwa la kaskazini mwa Kenya, liko mita 360 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Watoto hulipenda: maji ya kijani, mawe meusi ya volkano, flamingo, na mamba wanaozaliana Central Island. Ng'ambo ya mashariki kuna Koobi Fora, palipofukuliwa mabaki ya binadamu wa kale.

Lakini joto hupita nyuzi 35, na mtoto huishiwa maji mwilini upesi kuliko mtu mzima. Upepo hukausha jasho, hivyo mzazi huenda asigundue.

Mpe mtoto maji kidogo kidogo kabla hajadai kiu. Akikojoa mkojo kidogo wenye rangi nzito, akilia bila machozi au akilegea, mtoe juani, mpe ORS, kisha mwahishe hospitalini.

Maji ya ziwa yasiwe ya kunywa: yana magadi, na floridi yake nyingi huharibu meno ya watoto yanayokua. Bebeni maji safi ya kutosha. Tembeeni asubuhi na jioni. Mchana kaeni kivulini.