Jaji Chande na Ushahidi Uliofichwa

Jaji wa rufani kwa kawaida hasikilizi mashahidi. Husoma kumbukumbu za shauri lililokwisha amuliwa na kupima kama haki ilitendeka. Jaji Mohamed Chande Othman alifika Mahakama ya Rufani ya Tanzania kwa njia ndefu: alihudumu upande wa mashtaka katika kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda mjini Arusha, kisha akawa Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Timor ya Mashariki chini ya Umoja wa Mataifa. Alikuwa Jaji Mkuu tangu Desemba 2010 hadi Januari 2017.

Shauri lake gumu zaidi, kwa maoni yangu, alikabidhiwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015: kifo cha Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld, ambaye ndege yake ilianguka karibu na Ndola, usiku wa kuamkia Septemba 18, 1961. Walikufa watu 16. Mahakamani, shahidi akiitwa huja, apende asipende. Hapa Jaji Chande huziandikia serikali, akangoja.

Aya ya 283 ya Suratul-Baqarah humhesabu afichaye ushahidi kuwa moyo wake umeingia dhambini. Aya hiyo yazungumzia deni na rahani, nasi huwasomea wanaogombania mirathi. Sioni sababu ya kuziacha dola nje.

Mwaka 2017 aliripoti kuwa yamkini ndege ilishambuliwa au kutishiwa. Ripoti ya 2024 ilisema nchi chache bado zimezuia taarifa muhimu.