Twilight Imperium

Twilight Imperium ni mchezo wa ubao ambamo wachezaji 3 hadi 6 huongoza mataifa yanayogombea utawala wa galaksi. Ulibuniwa na Christian T. Petersen na kutolewa mwaka 1997 na kampuni ya Fantasy Flight Games ya Marekani. Toleo la nne lilitoka mwaka 2017.

Vigae vyenye pembe sita hupangwa kuizunguka sayari ya Mecatol Rex, na mchezo mmoja huweza kuchukua saa 4 hadi 8. Mshindi ni yule anayetangulia kufikisha pointi 10, hata kama wenzake wana manowari nyingi zaidi. Kwa hiyo wachezaji hufanya biashara, hupiga kura na kuahidiana. Kwa mujibu wa kanuni, mapatano yanayotekelezeka papo hapo ni lazima yatimizwe. Ahadi ya baadaye inaweza kuvunjwa, lakini anayeivunja huenda akakosa wa kupatana naye tena.