Ugomvi wa nyumba ya marehemu: Upatanisho wa kanisani na hesabu za kodi

KATIKA mitaa ya Eastlands, Nairobi, uhasama mkubwa baina ya ndugu mara nyingi huzuka baada ya matanga, na chanzo chake huwa ni nyumba.

Nyumba za mtaa wa Umoja, uliojengwa miaka ya 1970 kwa ufadhili wa Marekani, na viwanja vya Dandora vilivyogharamiwa na Benki ya Dunia, vilichukuliwa na watu waliokuwa vijana wakati huo. Wengi wao wamezeeka ama wamefariki. Wameacha vyumba vya kupangisha na watoto wanaozozania kodi. Katika mitaa mikongwe kama Kaloleni, nyumba ni za serikali ya kaunti, lakini hata huko jina la mpangaji aliyesajiliwa huweza kuwatenganisha waliozaliwa tumbo moja.

Ndugu hao huendelea kusali katika kanisa lile lile bila kusalimiana. Hapo ndipo wazee wa kanisa huitwa, au, kwa Wakatoliki, Jumuiya Ndogo Ndogo ambazo maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele katika mikutano yao ya 1973 na 1976. Wanajumuiya ni majirani wanaokutana nyumbani kwa zamu, hivyo ni vigumu kuwaficha ugomvi.

Utaratibu unaofuatwa na wengi umo katika Injili ya Mathayo, sura ya 18: aliyekosewa amwendee mwenzake wakiwa wawili tu, akikataa kusikia, aende na shahidi mmoja au wawili, kanisa lije mwisho. Kosa la kawaida ni kuiruka hatua ya kwanza na kumtaja ndugu katika maombi ya kikundi. Anayeaibishwa hadharani hujitetea. Ni nadra atubu.

Jambo la pili huwa gumu zaidi. Wafuasi wa Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu lililochipuka Uganda na Gahini, Rwanda, na kuingia Kenya mwaka wa 1937, walisisitiza kwamba anayetubu atamke kosa lake na kurudisha alichochukua. Zakayo, katika Injili ya Luka, aliahidi kurudisha mara nne. Kwa kipimo hicho, kaka aliyepokea kodi ya nyumba ya mama kwa miaka mitano hajatubu kwa kulia madhabahuni tu. Anapaswa kuleta daftari la kodi.

Hata hivyo, mchungaji si hakimu. Katika Luka sura ya 12, mtu mmoja alimtaka Yesu amwamuru nduguye wagawane urithi. Yesu alikataa kuwa mwamuzi wao, akaonya dhidi ya tamaa. Mgao una sheria yake. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, inaagiza kwamba mali ya asiyeacha wosia wala mwenzi igawanywe sawa kwa watoto, wakiwemo mabinti walioolewa. Hilo la mabinti huwashtua baadhi ya waumini.

Wanandoa nao wana kifungu chao. Sheria ya Ndoa ya 2014 inawaruhusu waliofunga ndoa ya Kikristo kutafuta usuluhishi katika kanisa walikofungia ndoa. Inawaruhusu, haiwalazimishi. Mke anayepigwa hapaswi kurudishwa nyumbani kwa jina la msamaha. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya 2015 inampa haki ya kuomba amri ya mahakama ya kumlinda.

Kwa upande wa urithi, Katiba ya 2010 inazitaka mahakama zikuze upatanisho, na tangu 2016 Mahakama Kuu ya Milimani imekuwa ikiwapeleka wanafamilia kwa wasuluhishi. Maafikiano ya sebuleni mbele ya mzee wa kanisa hayahamishi hatimiliki. Ni lazima warithi waende mahakamani, na kwa kawaida kila mmoja huombwa atie sahihi kukubali mgao. Sahihi hiyo ndiyo ambayo baadhi ya ndugu hukataa kuitia, hata baada ya kusali pamoja na kukumbatiana.