Mlingoti Usiochimbiwa Shimo

Ziko hadhara ambazo bendera hutakiwa isimame saa chache tu, kisha uwanja urudi kama ulivyokuwa: mkutano wa wakulima wa kahawa huko Kamachumu, mahafali ya shule, kumbukumbu ya mashujaa ya tarehe 25 Julai kwenye makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, walikolazwa askari wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, au sherehe katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, ambao nyasi zake ni za bandia na hapana athubutuye kuzitia jembe. Hapo fundi huombwa kitako cha kuhamishika, na aghalabu jawabu lake ni debe la lita 20 lililojazwa mchanga, mlingoti ukasimikwa katikati. Jawabu ambalo kwa macho ni zito, na kwa hesabu ni dhaifu.

Hesabu yenyewe huanza na upepo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji ya Ziwa Viktoria, hewa yake ikapanda, na ile ya baridi ikaja kutoka ziwani kushika mahali pake. Ndiyo maana Bukoba, iliyo pwani ya magharibi, hupigwa na upepo wa mashariki saa zile zile za hotuba. Tuukadirie kuwa wa kilomita 36 kwa saa. Ingawa kwa kimo cha zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari hewa ni nyepesi kidogo kuliko ya Tanga, upepo huo husukuma ubao wa mita moja ya mraba kwa nguvu ipatayo uzito wa kilo 6 na ushei. Bendera ya sentimita 60 kwa 90, tukiihesabu kana kwamba ni ubao (kwa tahadhari tu, maana kitambaa kinachopepea huukwepa upepo), itapokea kilo 3 na nusu hivi, na mlingoti wa mita 4, wenye unene wa sentimita 5, kilo moja na kidogo. Lakini bendera iko juu, kiasi cha mita 3.7 kutoka ardhini, na urefu huo ndio wenzo: nguvu ya kupindua hufikia kama kilo 15 zikivuta mwisho wa wenzo wa mita moja. Debe nalo, lenye mchanga wa kilo 32, upana wake ni sentimita 24, na kutoka katikati hadi ukingo litakaopindukia ni 12 tu. 32 mara 0.12 haifiki hata 4. Na kwa kuwa kasi ya upepo ikirudufika msukumo wake huwa mara nne, debe hilo huanguka kwa upepo wa nusu ya kasi ile.

Basi kinachokosekana ni upana, wala si uzito. Chukua mbao mbili za mkaratusi, uzikatie nusu kwa nusu zipandane msalaba, kila mkono sentimita 90 kutoka katikati. Kitako hicho hakipinduki kwa kufuata mkono, bali kati ya mikono miwili, ambako ukingo uko sentimita 64. Na mchanga ule ule, ukigawanywa katika viroba vinne na kufungwa kwenye ncha, hupata zaidi ya 20, wala hauwi na nguvu zaidi kuliko ungewekwa katikati, jambo ambalo mafundi wengi hulikataa mpaka waoneshwe kwa kalamu.

Shina la mlingoti liingie katika kisanduku chenye kina cha sentimita 30, nacho kisanduku kishikwe na mbao za mshazari pande zote nne, kwa maana hapo mbao hukabwa kwa nguvu ya kilo 50 hivi, na misumari peke yake haiihimili. Udongo ukiwa umelowa, kama uwavyo huku mwezi wa Aprili, tia vipande vya mbao chini ya kila ncha, usiache mkono mmoja uzame.

Kitako hiki mwisho wake ni upepo wa kilomita 40 hivi kwa saa. Wingu jeusi likitanda na hewa ya baridi ikavuma ghafula, msimsubiri mgeni rasmi amalize: ishusheni bendera kwanza.