Pombe Huanza Kwenye Kimea

Ndugu msomaji, ukiingia katika soko la Mwanjelwa mjini Mbeya, au la Mlandege mjini Iringa, huenda ukakuta mafungu mawili ya ulezi yamewekwa ubavu kwa ubavu. Moja ni la ulezi mtupu, punje nyekundu zinazoteleza vidoleni. La pili rangi yake imefifia, na punje zake zina vijimizizi vikavu vilivyosokotana kama nywele. Hilo la pili ndilo kimea, na aghalabu bei yake huzidi ya lile la kwanza. Mnunuzi mzoefu hafungui kibindo upesi. Huchota kidogo kiganjani, akanusa, akatia punje mbili tatu kinywani na kuzitafuna polepole. Zisipompa utamu huzirudisha na kwenda zake.

Huko Ulaya na Marekani wako watu wengi wapikao bia majumbani mwao kwa mapenzi tu, si kwa kuuza. Uingereza iliwaondolea sharti la leseni mwaka 1963, na Marekani ikawapa ruhusa kwa sheria ya taifa iliyotiwa sahihi mwaka 1978. Miongoni mwao imezuka desturi ya kupika bia isiyo na mambo mengi: kimea cha shayiri cha aina moja tu, na hopi ya aina moja tu, yaani lile ua la mmea utambaao ambalo huipa bia uchungu wake. Sababu yao ni ya busara. Mtu akichanganya vimea vitano na hopi nne, kasoro ya kimoja hufichwa na vingine. Akitumia kimoja kimoja, kila kosa huonekana na kila wema huonekana.

Wapishi wa Nyanda za Juu za Kusini wamekuwa katika darasa hilo tangu zamani, tena katika darasa lililo gumu zaidi. Hopi hawana. Kimea hawakiagizi kiwandani kikiwa katika mfuko wenye maandishi. Hukiotesha wenyewe kwa maji, gunia na jua. Kwa hiyo chungu cha ulezi kina jambo moja tu la kukitetea mbele ya wanywaji, nalo ni kimea chake. Wako wasomi wetu waonao haya kukaribia kilabu cha pombe, lakini husikiliza kwa heshima wakisimuliwa ufundi wa bia ya chupa. Laiti wangejua kwamba ufundi ni ule ule.

Ulezi ni nafaka ya kale sana katika nchi hizi. Mahindi yalikuja baadaye, na katika miaka ya 1970 yakapata nguvu kubwa. Azimio la Siasa ni Kilimo lilitolewa Iringa mwaka 1972, na katika miaka iliyofuata mbegu bora na mbolea vilielekezwa kwenye mahindi, hata Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zikaitwa mikoa minne mikubwa kwa kulilisha taifa. (Tangu wakati huo Njombe imetengwa na Iringa, mwaka 2012, na Songwe imetengwa na Mbeya, mwaka 2016, lakini vyungu havikufuata mipaka hiyo.) Shamba la ulezi lilipungua, na pombe nayo ikabadilika. Ndipo ilipotamalaki komoni, ambayo mwili wake ni unga au pumba za mahindi. Hata hivyo, mahindi hayakuweza kuufukuza ulezi chunguni. Mpishi wa komoni hutia mahindi kwa wingi, kisha huenda sokoni kutafuta kimea cha ulezi, kwa kuwa bila hicho mahindi yake hubaki uji.

Kwa nini? Hapa inafaa tukae kidogo.

Punje yoyote ya nafaka ni ghala la wanga. Wanga huo ni chakula cha mche utakaozaliwa, lakini mche hauwezi kuula ukiwa mgumu vile. Basi punje inapolowa na kuanza kuota hutengeneza vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kuukata wanga vipande vipande mpaka uwe sukari. Mpishi huingilia kati hapo. Huiacha punje iote kiasi cha kutengeneza vimeng'enya hivyo, kisha huikausha kabla mche haujaila sukari yote. Akiwahi mno, vimeng'enya ni vichache. Akichelewa mno, ghala ni tupu. Ulezi umebarikiwa katika jambo hili, kwani vimeng'enya vya kimea chake vina nguvu kuliko vya mahindi, na kwa ajili hiyo kimea kidogo cha ulezi huweza kulainisha sufuria nzima ya uji wa mahindi.

Kazi yenyewe huanza kwa ungo. Ulezi hupepetwa na kuondolewa mchanga, kwa maana changarawe ndogo ya shambani hulingana na punje na humfuata mnywaji hadi menoni. Huoshwa, hulowekwa usiku kucha au siku nzima, kisha maji humwagwa. Hutiwa katika gunia lililolowa au hufunikwa kwa majani ya mgomba, ukawekwa mahali pa kivuli. Kila siku hunyunyiziwa maji na kugeuzwa kwa mkono, sababu ulezi unaoota hutoa joto, na ukiachwa umelundikana katikati huchemka na kuvunda. Penye joto, siku mbili zatosha. Lakini Mbeya mwezi wa Juni na Julai, usiku ambapo baridi hushuka chini ya nyuzi 10, siku tatu au nne hupita kabla mizizi haijashikamana. Basi mpishi wa Uyole hufuata mkono wake, wala hafuati kalenda ya mpishi wa Kyela kule bondeni.

Baada ya hapo ni jua. Kimea hutandazwa juu ya mkeka au turubai, kwa unene mdogo, hadi kikivunjwa kilie. Hatua hii ndiyo wengi huiharakisha, na ndiyo yenye hatari kuliko zote, kama tutakavyoona.

Kimea kikisagwa, unga wake hutiwa katika uji uliopikwa na kuachwa upoe. Upoe kiasi gani? Wapishi hupima kwa kidole: uwe moto wa kuumiza kidogo lakini usiokibabua. Kwa kipimo cha maabara ni nyuzi baina ya 60 na 70 hivi. Ukitiwa kwenye uji unaotokota, vimeng'enya hufa papo hapo na kimea kimepotea bure. Ukitiwa kwa wakati wake, ndugu msomaji, utaona jambo ambalo halichoshi kutazamwa: uji mzito uliokuwa ukiushikilia mwiko hulegea, ukawa mwepesi kama maji ya mchele, na ukiuonja ni mtamu ingawa hakuna aliyetia sukari. Katika hatua hiyo, na hata ukianza kuchachuka kidogo, watu wetu huuita togwa. Ukiachwa siku moja au mbili zaidi, pamoja na kimea kingine cha kuamsha hamira, povu hupanda, sukari hugeuka kileo, na hiyo ni pombe.

Hamira hiyo haikununuliwa. Hukaa katika kimea chenyewe na katika kuta za chungu kilichotumika juzi. Tusidhani ni ushamba kutoijua kwa jina. Sheria mashuhuri ya bia iliyotolewa Bavaria, Ujerumani, mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopi na maji peke yake, hamira haimo. Ilibidi kungoja karne ya 19 ndipo Louis Pasteur, Mfaransa, aeleze sawasawa ni viumbe gani wafanyao kazi ndani ya pipa. Kitabu chake juu ya bia kilitoka mwaka 1876.

Wanyakyusa wana namna yao ya kuutumia ulezi, nayo ni kimpumu. Hapo ulezi na kimea huchachuliwa vikiwa vizito kama donge, na maji ya moto humiminwa chunguni wakati wa kunywa. Wanywaji huketi kukizunguka chungu na kuvuta kwa mirija, na maji huongezwa tena mpaka ladha iishe. Ng'ambo ya Tunduma, Wabemba wa Zambia nao hunywa kwa mtindo huo. Iringa wao wana ulanzi, ambao hauhitaji kimea wala moto. Machipukizi ya mwanzi hukatwa ncha wakati wa mvua, na utomvu wake ukakingwa. Asubuhi ni mtamu, na baada ya siku chache ni mkali wa kuangusha mtu. Ulanzi ni zawadi ya masika, nayo masika yakiisha huondoka. Ulezi mkavu hukaa ghalani miaka kadhaa bila kuguswa na wadudu.

Sasa turudi kwenye hopi, kwa maana kutokuwapo kwake kuna matokeo makubwa. Hopi haitii uchungu tu, bali huzuia pia vijidudu vinavyochachua bia. Pombe ya ulezi haina mlinzi huyo. Leo imeiva, kesho bado ni njema, kesho kutwa ni siki. Haiwezi kungoja, na kwa sababu hiyo haiwezi kunywewa na mtu mmoja chumbani. Ni lazima majirani waitwe. Ndiyo maana pia wapishi wa mtaa mmoja hupeana zamu, huyu leo, yule keshokutwa, ili vyungu viwili visiive pamoja na kimoja kikamwagwa.

Kwa mama mwenye watoto wadogo, habari iliyo muhimu zaidi katika kimea haihusu pombe hata kidogo. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, ilihimiza tangu miaka ya 1980 matumizi ya unga wa kimea katika uji wa watoto. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi hulijaza kwa maji; uji mzito humshinda kuumeza. Kijiko kimoja cha kimea katika uji mzito huulainisha bila kuongeza maji, na mtoto hupata chakula kingi zaidi katika bakuli lile lile. Uji huo urudishwe jikoni uchemke tena kidogo baada ya kulainika, ili kuua vijidudu vya kimea. Tena ulezi una kalsiamu nyingi kupita nafaka zetu nyingine: miligramu zaidi ya 300 katika gramu 100, ambapo mahindi hayafiki hata sehemu ya kumi ya hizo. Lakini togwa iliyokaa ikaanza kutoa povu kwa nguvu si ya mtoto tena, wala si ya mama mjamzito.

Tumesema kwamba kukausha ndiko kwenye hatari. Mwezi Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu walikusanyika mazikoni na wakanywa pombe ya nyumbani. Huko nako kinywaji hicho huitwa pombe, kama kwetu. Walioinywa asubuhi hawakudhurika, na walioinywa mchana na jioni walianza kuanguka. Zaidi ya watu 200 waliugua na 75 wakafa, mpishi mwenyewe akiwa miongoni mwao. Kwanza ilisemwa kwamba mtu alitia nyongo ya mamba. Maabara yalipochunguza hayakuona nyongo yoyote. Yaliona sumu iliyotengenezwa na bakteria katika unga wa mahindi ulioharibiwa na maji ya mafuriko. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na moto hauiondoi.

Na kwetu, mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwamo katika mahindi yaliyoota ukungu. Hiyo nayo haitoki kwa kuchemshwa. Basi ile desturi ya kusema kwamba mahindi mabovu yasiyofaa ugali yanafaa pombe, ni desturi ya kuachwa leo hii, si kesho. Nafaka isiyofaa kuliwa haifai kunywewa. Kimea chenye madoa ya kijani au meusi, chenye harufu ya mahali palipofungwa, au kilicho laini kikivunjwa, kisinunuliwe hata kikiuzwa kwa nusu bei.

Wapishi wengi ni wanawake, na ada za shule, kodi ya chumba na sare za watoto hutoka chunguni humo. Lakini shilingi hiyo hutoka katika mfuko wa baba wa nyumba nyingine, ambaye pengine watoto wake wanamngoja na unga. Mwandishi huyu hana jibu rahisi la jambo hilo, na humshuku mwenye nalo. Kuhusu sheria, kupika kwa kuuza kunahitaji leseni, chini ya Sheria ya Vileo ya 1968. Na gongo ni habari nyingine kabisa, yenye sheria yake na madhara yake, isichanganywe na ulezi.

Kwa msomaji atakaye kujaribu kimea nyumbani, kwa ajili ya uji au togwa, kilo moja ya ulezi yatosha kujifunzia. Chagua wiki ya jua. Usitie ulezi wa zamani sana, maana punje zilizokufa haziamki. Panda kwanza punje ishirini katika kitambaa kilicholowa uone zinazoota ni ngapi. Zikiota chache, saga unga wa ugali, utafute ulezi mwingine.