Simu Ilivyoniumbua kwa Waifu

Msomaji wangu, ukimwona mtu kajikunyata na simu yake usiku, usidhani yuko peke yake. Mimi yamenikuta.

Mimi na waifu tuna miaka mitatu ya ndoa, mtoto hakuna. Kwetu wameshaanza maneno, na yote anatupiwa yeye. Usiku mmoja nikajibanza sebuleni, nikasoma mtandaoni kuhusu upungufu wa mbegu za kiume. Nilipomaliza nikafuta orodha ya kurasa zote nilizopitia, nikalala fofofo.

Kesho yake akaazima simu atafute pishi la biriani. Pembeni ya biriani, tangazo: mnahangaika kupata mtoto? Akashusha chini, jingine. Akanitazama. "Kumbe unanitafutia dawa?"

Ilibidi nimfuate mshikaji wangu, fundi kompyuta wa Kariakoo. Alicheka weee! "Umefuta nyayo ndani, mlinzi wa getini ana daftari lake."

Iko hivi. Ukifungua ukurasa mmoja, unaletewa na vipande vya makampuni chungu nzima usiyoyajua. Kimoja chaweza kuwa kijipicha cha nukta moja tu, hakina rangi, hukioni ng'o. Ili kikufikie, lazima simu yako ikakiombe kwa mwenyewe, naye papo hapo anaandika: ukurasa gani, saa ngapi, anwani ipi ya mtandao. Kisha anakubandika namba ndani ya kuki. Hizi kuki alizibuni Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994, tovuti zipate kumkumbuka mteja na kapu lake. Watu wa matangazo wakazidaka. Kampuni ileile iko kwenye ukurasa wa uzazi, iko na kwenye biriani. Inaunganisha tu.

"Basi nazifuta na hizo kuki," nikasema. Jamaa akatikisa kichwa. Ukubwa wa kioo, aina za herufi, lugha, majira ya saa, ukivikusanya vinakuwa kama alama ya kidole. Mwaka 2010 shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani lilipima vivinjari karibu 470,000. Zaidi ya 80 katika kila 100 havikuwa na pacha. Hiyo utaifutaje? Akaniwekea kivinjari kinachozuia hao wadukuzi wa pembeni, akasema kitapunguza, hakitamaliza. (Bongo tuna sheria ya taarifa binafsi tangu 2022, lakini usiku ule haikuwepo sebuleni kwangu.)

Waifu nilimweleza ukweli: dawa nilikuwa najitafutia mwenyewe. Alinyamaza kitambo. Halafu akaniuliza ilikuwaje mwenye tangazo akajua kabla yake.