Picha au Video Siku ya Arusi?

Mwezi uliopita walifika ofisini kwangu hapa parokiani wachumba wawili, pamoja na baba wa binti. Walikuja kuandikisha matangazo ya ndoa, lakini hata kabla hawajakaa nilitambua ya kuwa njiani walikuwa wakishindana. Kijana alitaka mpiga video kutoka mjini. Mzee naye akasema, "Sisi ilitutosha picha moja, na hata leo ipo ukutani." Fedha za michango hazikutosha yote mawili. Basi wakanigeukia: "Karani, wewe waonaje?"

Ndugu wasomaji, jambo hilo lilinigusa. Mimi na mke wangu tulifunga ndoa mwaka 2013, nasi tulichagua video peke yake. Kwa nini? Kusema kweli, ni kwa sababu jirani alikuwa nayo. Tulipewa sahani moja ya DVD. Mwaka wa kwanza tuliitazama mara nyingi kwa huyo jirani mwenye deki, watoto wamejaa mpaka mlangoni. Kisha deki ikafa, na sahani ikapata mikwaruzo.

Mwaka 2019 mama yangu mzazi alifariki. Tukatafuta sura yake ya kuweka mbele ya jeneza. Sahani ile ilicheza vizuri mpaka pale mama anapoinuka na kitenge mkononi kumtunza mkwewe. Hapo picha ikakwama, ikawa miraba mitupu. Fundi wa mjini alijaribu akashindwa. Tulimzika kwa picha ya kadi yake ya kupigia kura.

Video ni picha nyingi, kama 25 hivi kila sekunde, zikipita pamoja na sauti, nazo hazionekani bila mashine. Na mashine hupitwa na wakati. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za kanda za VHS, iliacha kazi hiyo mwezi wa Julai 2016. Walio na kanda za arusi za zamani wanajua taabu yake. Lakini picha ya karatasi yataka macho na mwanga wa dirisha tu. Ile aliyoipiga Niépce huko Ufaransa, yapata mwaka 1827, tena juu ya bamba la madini, ingali yaonekana, ingawa kwa kufifia.

Hata hivyo picha ni bubu. Babu akisimama kuwaasa wajukuu, karatasi haiwezi kuishika sauti yake. Kwa hiyo mwenye kukodi mpiga video na amwulize kwanza: je, una kipaza sauti cha kuweka karibu na msemaji? Kama hana, mvua ikipiga juu ya mabati mtanunua sauti ya mvua.

Niliwashauri hivi. Wamkodi mpiga picha, na fedha za kusafisha picha 20 zihesabiwe humo humo tangu mwanzo, maana picha zinazobaki ndani ya simu huzama pamoja na simu. Wazazi wa pande zote wapigwe, wazee mmoja mmoja, na wasimamizi wakitia sahihi katika kitabu cha ndoa. Mpwa mwenye simu nzuri akae mbele arusini, arekodi maneno ya wazee tu, simu ikiwa imefungwa isipokee mtu. Na wiki ile ile ayahifadhi mahali pawili. Mapatano yaandikwe: bei, idadi, na siku ya kukabidhi. Tena mpiga picha amwone Padre mapema, aonyeshwe pa kusimama. Namkumbuka mmoja aliyepanda ngazi za altare wakati wa mageuzo, akawageuzia waamini wote kisogo!

Kijana alikubali, ingawa uso wake ulikuwa bado kwenye video. Binti, aliyekuwa kimya muda wote, ndipo akauliza: bibi yake hawezi tena kutoka kitandani, je, mpiga picha aweza kupita nyumbani kabla ya Misa? Nikampa kalamu. Akaandika yeye mwenyewe, juu kabisa ya karatasi ya mapatano: saa 1 asubuhi, kwa bibi.